Maji ya kunde kwenye ripoti ya vinasaba?

Msomaji anatafsiri makala ya HIrisPlex-S, kile kipimo cha 2018 kinachosoma sehemu 41 za vinasaba kutoka kwenye damu au mate yaliyobaki eneo la tukio halafu kinakadiria rangi ya macho, nywele na ngozi ya mwenyewe. Anauliza: ngozi ya fungu la katikati (kipimo kinapanga rangi za ngozi kwa mafungu) aiite maji ya kunde, na ile ya rangi nyepesi aandike "mtu mweupe"? Na ni jeni au vinasaba?

Hilo la mwisho jepesi. Vinasaba ndo DNA yenyewe kwa ujumla, jeni ni kipande chake chenye kazi maalumu, kwa hiyo "vinasaba vimepatikana kwenye kisu" lakini "jeni ya OCA2 inahusika na rangi ya macho". Wingi ni jeni hizi, usiandike majeni, ukiteleza kidogo tu yanakuwa majini na hapo polisi hawana msaada.

Kwenye rangi ndo pagumu. Kiswahili chetu kinapima mtu kwa kumlinganisha na waliomzunguka, dada anaitwa mweupe kisa ndugu zake wote ni weusi, sasa polisi wa Dar wakitangaza wanatafuta "mtu mweupe" watu wataanza kumwangalia yule dada na wala hawatamfikiria mzungu. Maji ya kunde nayo hivyohivyo, chemsha kunde uone yale maji, kahawia yenye wekundu kwa mbali, mtu wa rangi hiyo kule maabara anaweza kuangukia fungu la ngozi nyeusi. Mafungu yao ni matano tu na hayajali jirani yako yukoje, mi ningeandika nyeupe sana, nyeupe, ya wastani, nyeusi, nyeusi sana. "Nyeusi tii" ni tamu ila kwenye ripoti inanuka utani.

Halafu usiongeze "mzungu" mahali ambapo hawajaandika, kipimo kinakadiria rangi sio asili. Yule Cheddar Man wa Uingereza, mifupa ya miaka kama 10,000, vinasaba vyake vilionyesha huenda alikuwa na macho ya bluu na ngozi nyeusi, utamwita nani huyo? Na hiyo "huenda" usiitupe, majibu yanatoka kwa asilimia, kwa hiyo "DNA imethibitisha ana macho ya bluu" futa, andika "kuna uwezekano mkubwa".

Bluu au buluu, zote sawa, chagua moja ubaki nayo.