Barua ya kujitoa haitawasaidia

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako nimelielewa. Ofisini kwenu mawakili mna mteja mdogo mnayemwandalia mikataba, na sasa kampuni kubwa inataka mumshtaki huyo huyo kwa jambo lisilohusu mikataba yake. Mkubwa wako anasema mwandikieni barua ya kujitoa leo, kesho awe mteja wa zamani, nanyi muwe huru.

Hesabu yake naiona. Mteja wa sasa huwezi kumshtaki hata kwa jambo jingine kabisa mpaka aridhie. Wa zamani unaweza, ilimradi shauri halihusiani na kazi uliyomfanyia wala hutumii siri zake. Ndiyo maana wengi hutamani kumhamisha mtu upande huo kwa karatasi moja. Mahakama za Marekani zimekataa ujanja huo. Mwaka 1987, katika kesi ya Picker International dhidi ya Varian Associates huko Ohio, mahakama ilisema mawakili hawawezi kumtupa mteja kama kiazi cha moto, hasa ili kumridhisha mwingine mwenye fedha zaidi. Mawakili wakaondolewa kwenye kesi. Kinachopimwa ni alikuwa nani kwenu siku mgongano wa maslahi ulipozuka. Na mkiondolewa, hiyo kampuni kubwa nayo itaachwa bila wakili, kesi ikiwa katikati na ada imeshalipwa. Hilo mkubwa wako amelifikiria?

Mambo hulegea kidogo mteja mwenyewe akiuleta mgongano, mathalani akinunua kampuni mnayopambana nayo mahakamani. Ninyi hampo hapo.

Njia iliyobaki ni ridhaa ya maandishi. Lakini mdogo hawezi kuridhia asichokijua, na habari za kampuni kubwa ni siri yake, kwa hiyo iombeni kwanza ruhusa ya kumweleza. Ikikataa, kazi hiyo iacheni. Mimi ningeiacha hata mdogo akiridhia, maana mikataba yake mmeiandika ninyi na mnajua alipo dhaifu.

Halafu hilo la kwamba kwa sasa hana jalada lililo wazi, msiliegemee. Kama huwaletea kila mkataba wake na hamjawahi kumwandikia kwamba kazi imekwisha, ana haki ya kuamini bado ninyi ni mawakili wake. Barua ya kufunga jalada hutumwa kazi inapoisha, kabla hajatokea mtu mwenye fedha.

Niandikie mkubwa wako akishajibu.

Mama yako