Wadogo zangu, punguzeni kuvizia

Nyinyi mnaoanza poka ya limiti, ile ambayo kiasi cha beti kimepangwa, tumekaa sana kwenye meza za dola 4 kwa 8 (beti ni 4 mwanzoni, 8 kuanzia karata ya nne ya mezani), na jambo ni lile lile. Mtu anapata tatu za aina moja kwenye flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani ambazo ni za wote, ananyamaza kana kwamba hana kitu, anavizia. Karata ya mwisho ikishafunguliwa analalamika kwamba dila, mgawa karata, ana mkosi naye. Dila hana kosa! Inaniuma, kwa sababu kucheza mnajua, na pesa hizo ni za jasho.

1. Kwanza hesabu poti, pesa zote zilizowekwa katikati, na uihesabu kwa beti. Ikiwa imeshanona, pandisha beti.

2. Tazama aliyebeti amekaa wapi, na nani bado hajacheza nyuma yako. Hapa nitakaa kidogo, kwa ajili ya mdogo wetu mmoja ambaye hatalala vizuri wiki hii.

Alikuwa na nane mbili. Alipandisha kabla ya flopu, tukaingia watu sita, poti ikawa dola 48, yaani beti 12 za dola 4. Flopu ikaja: tisa ya kopa, nane ya kopa, tatu ya maua. Ukiwa na jozi mkononi unaipata ya tatu kwenye flopu takriban mara moja katika nane na nusu, kwa hiyo furaha yake naielewa kabisa. Jamaa wa kulia kwake akabeti dola 4. Sisi wengine bado tulikuwa nyuma yake. Yeye akafuata tu, yaani akalipa zile 4 bila kupandisha, polepole, macho mezani.

Zamu ikanifikia. Nilikuwa na Bibi na Ghulamu, zote nyeusi. Nilichohitaji ni kumi, ili nipate tano zinazofuatana, nane hadi Bibi, ambazo zinashinda tatu za aina moja; na kumi ni nne tu katika karata 47 nisizoziona: karibu 11 kwa 1 dhidi yangu. Lakini poti ilikuwa dola 56 na nilitakiwa kutoa 4, yaani 14 kwa 1. Kwa bei hiyo nafuata kila siku. Angepandisha, ningekuta dola 60 na kutakiwa kutoa 8, saba na nusu kwa moja, na karata zangu ningemrudishia dila papo hapo.

Karata ya nne ikawa kumi ya uru. Sasa ndipo kijana akaamka. Jamaa akabeti 8, kijana 16, mimi 24, kijana 32, tukafika kikomo cha kupandisha. Alibakiwa na karata 10 za kumwokoa, yaani ya kufanya jozi yoyote kwenye meza, apate tatu kwa mbili, au nane ya nne. Ikaja mbili ya maua. Alipoziona karata zangu akaniuliza, "Kaka, ulifuataje na hizo?" Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeniruhusu, kwa dola 4." Kupandisha kwake kwenye karata ya nne hakukuwa kosa. Kosa lilishatendeka kwenye flopu, kimya kimya, na ndiyo maana hamlioni.

3. Mtaniambia, "Hata nikipandisha watafuata tu." Mwenye kopa mbili atafuata, ndiyo, na ana haki, ana karata 9 za kumkamilishia kopa tano. Mtoze! Mkiwa sita na wewe ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wote, kila dola inayoongezwa sasa sehemu yake kubwa ni yako.

4. Kuvizia kuna mahali pake. Una nane mbili na flopu ni nane, tatu, tatu: karibu hakuna karata ya kukutisha, na poti ikiwa ndogo inabidi mwenzako apate kitu ndipo akulipe. Mpe nafasi akipate. Au mko wawili tu, una saba mbili, flopu ni kavu, Mfalme, saba, mbili, rangi tatu tofauti, naye anabeti mwenyewe. Fuata, subiri karata ya nne ambapo beti inakuwa dola 8, kisha pandisha. Mkiwa wawili, nasema. Msije mkanifanyia hivyo mkiwa sita.

5. Kuchek, yaani kupitisha zamu bila kubeti, ili upandishe kunahitaji mtu wa kubeti. Usipokuwa na hakika naye, beti mwenyewe.

Na wanaodhani kupandisha ni papara: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu yao ya Cepheus, iliyokaribia kabisa kuumaliza kihesabu mchezo wa limiti wa watu wawili. Ikiwa imekaa nafasi ya dila, kabla ya flopu karibu haifuati kamwe. Inapandisha au inatupa.

Mezani kwenu hamko wawili, najua. Kwa hiyo rudini kwenye namba 2, mhesabu tena zile dola 56 na 60 kwa kalamu, mkibadilisha mahali alipokaa mwenye kubeti. Akiwa kushoto kwako, na watu wote wameshafuata kabla zamu haijakufikia, hesabu inakuwa nyingine kabisa.