Muuza maandazi ana kazi au hana?

Uliyeuliza kwa nini mama muuza maandazi aliandikwa "mama wa nyumbani" kwenye sensa: kwa kipimo cha kimataifa, saa moja tu ya kazi ya malipo au faida ndani ya siku 7 inatosha kuhesabiwa ameajiriwa. Ila sensa ya Kenya 2019 iliuliza shughuli kuu ya siku 7 zilizopita, na hapo biashara ya asubuhi humezwa na kupika na kufua. Tena karani akiuliza "unafanya kazi?", wengi hujibu "niko tu nyumbani", na karai liko jikoni! Angeuliza, "wiki iliyopita uliuza chochote?" Anayelima chakula cha nyumbani tu ni habari nyingine: wanatakwimu waliokutana ILO (Shirika la Kazi Duniani), Geneva, 2013 walimtoa kwenye hesabu ya walioajiriwa. Mimi sikubaliani nao sana.