Mwanangu, mwenye hasira anafuatwa njiani

Mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma. Unauliza, ukienda kumwomba radhi shemeji yako kwa yale mumeo aliyomwandikia kwenye grupu la familia kuhusu kiwanja cha marehemu mzee wao, utakuwa umemdharau mumeo? Na Biblia inaruhusu mke aombe msamaha kwa kosa lisilo lake? Inaruhusu, Abigaili alifanya hivyohivyo, soma Samweli wa Kwanza sura ya 25. Ila mimi umenishtua uliposema "akipoa nitamtafuta". Apoe wapi mama? Mwenye hasira anafuatwa njiani, hangojwi afike.

Nabali, mume wa Abigaili, alikuwa tajiri, kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, siku za kukata manyoya, chakula kimejaa, Daudi anatuma vijana 10 kwa salamu za amani waombe chochote kilichopo, maana watu wake ndo walilinda wachungaji wa Nabali usiku na mchana, na yeye anajibu Daudi ni nani, siku hizi watumishi wanaotoroka mabwana zao ni wengi. Daudi akaamuru kila mtu ajifunge upanga, wakashuka 400, kaapa mpaka kunakucha habakizi mwanamume hata mmoja kwa Nabali. Abigaili alipoambiwa na kijana wa kazi hakukaa chini. Mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, bisi, zabibu kavu, tini, vyote juu ya punda, akawakuta hukohuko mlimani wanateremka. Akaanguka kifudifudi akasema kosa hili liwe juu yangu. Na hakumwambia Daudi huna haki ya kukasirika, maana haki alikuwa nayo, alimwambia tu siku Mungu akishakuweka kuwa mtawala usije ukasumbuka moyoni kwa damu uliyomwaga bure. Mimi hapo huwa nasimama kusoma nalia. Hata Yakobo, kaka yake Esau waliyekosana naye anakuja na watu 400 pia, alitanguliza mifugo kundi baada ya kundi, kila kundi likifika mchungaji anasema hii ni zawadi yako kutoka kwa mtumishi wako Yakobo. Njiani, unaona?

Habari ya babu yako na kaka yake mnaijua juujuu. Nilikuwa darasa la tatu. Babu alimtolea kaka yake maneno kwenye mbege, pombe yetu Wachaga ya ndizi, mbele za watu, ni ule mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na jioni mtoto wa jirani akaja mbio kwa bibi yako kusema baba mkubwa anakuja na wanawe kung'oa masale yote, ile mimea inayopandwa mpakani, na wana mapanga. Babu kalala. Bibi hakumwamsha. Akachota mbege kwenye kibuyu, akakata jani la isale palepale mpakani, akanipa chemli nimmulikie, tukaenda. Tulikutana nao kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba. Bibi akapiga magoti kwenye tope na lile jani kalishika kwa mikono miwili. Wewe umekulia mjini lakini unajua, isale ndo ishara yetu ya kuomba msamaha, ukishaletewa kulikataa ni kazi, na wao walikuwa wamekuja kung'oa mmea huohuo. Wale vijana nyuma wananung'unika, baba mkubwa anahema tu, halafu akasema, "Shemeji, inuka, unachafuka." Akalipokea. Akanywa mbege amesimama, panga kalibana kwapani, mimi nimeshika taa naliona lile panga linavyotetemeka, sijui ni yeye alikuwa anatetemeka au ni mimi na taa yangu. Wakageuza wakarudi kwao.

Asubuhi babu alipojua alikataa chakula cha bibi. Alisema amemwaibisha, amekwenda kupigia magoti adui yake. Mwanangu, Daudi alimbariki Abigaili na busara yake palepale mbele ya jeshi lake lote, na bibi yako aliyezuia msiba kwenye nyumba hii hakuambiwa asante na mume wake mpaka huyo babu yako, baba yangu, anaingia kaburini. Namwombea baba pumziko jema, lakini hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa utasema basi bibi angemwambia mumewe kwanza. Nimelifikiria sana. Abigaili naye hakusema, alisubiri asubuhi divai imtoke Nabali ndo akamweleza. Lakini Nabali hata watumishi wake walisema ni mtu hasemezeki. Mkwe wangu anasemezeka, nimemwona kwenye msiba wa mama yake. Kwa hiyo mwambie kwanza. Ila je akikukataza? Maana bibi angeomba ruhusa usiku ule tungezika mtu. Hapa ndo nakwama, kila nikilipindua linarudi palepale.

Na wahubiri wananikera kidogo, wanakimbilia kusema siku 10 baadaye Nabali akafa na Abigaili akaolewa na Daudi, kana kwamba aliyafanya yote kwa ajili hiyo. Kule mlimani hakujua lolote kati ya hayo. Alijua kuna panga 400 zinashuka na yeye ana mikate. Imani kwangu mimi ni pale. Kitu kimoja tu cha Abigaili sikichukui, alimwita mumewe mpumbavu mbele ya Daudi. Bibi yako hakutamka neno moja baya juu ya babu usiku ule, na ukienda usiende kumsema mumeo. Jawabu la upole hugeuza hasira, Mithali 15, halisemi ujipendekeze kwa kumchongea mwingine.

Sikwambii uende. Ni nyumba yako na mimi nilishamkabidhi binti yangu, ungekuwa hapa jikoni sijui kama ningeweza kunyamaza, lakini hauko. Nasema tu kwamba kikao chao ni Jumamosi Dar, umeniambia shemeji yako anatoka Dodoma Ijumaa asubuhi, na basi linasimama Msamvu hapo Morogoro, kutoka kwako ni bodaboda tu.

Msalimie mkwe wangu. Usimsomee pale kwa Nabali, atadhani nimemfananisha naye na mimi sijamfananisha kabisa.

Mama yako