Kabla ya kupuliza, geuza jani

Tangu vuli ikatike simu yangu imejaa picha za maua yanayoumwa. Nyingi zinaonyesha upande wa juu wa jani tu, nami najibu neno moja: geuza. Wadudu wengi wa maua hujificha chini ya jani, ambako jua haliwachomi na mvua haiwapigi. Anayepuliza juu anaosha vumbi. Haya ni baadhi ya maswali yaliyokuja na picha za kutosha.

Shikamoo mama. Mawaridi yangu yamejaa wadudu wadogo wa kijani kwenye vitumba vya maua. Nimepuliza dawa mara tatu, wanatoweka, baada ya wiki wamerudi. Na sisimizi wanapanda na kushuka siku nzima. Nianze na nani? (Njiro, Arusha)

Marahaba mwanangu. Anza na sisimizi.

Hao wa kijani ni vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Leta kigoda, vuta kamera ya simu karibu na kikonyo cha ua, ukae dakika tano. Utamwona sisimizi anamjia kidukari kwa nyuma na kumpapasa kwa vipapasio vyake. Kidukari anatoa tone la maji matamu, sisimizi analinywa na kwenda kwa mwingine. Huo ni ufugaji kabisa, hauna tofauti na kukamua ng'ombe zizini. Na kama mfugaji yeyote, sisimizi analinda mifugo yake: mdudu yeyote anayekuja kula vidukari anafukuzwa. Yale maji matamu yakidondokea majani ya chini yanaotesha ukungu mweusi, ule ambao watu hudhani ni masizi ya jikoni.

Kwa nini wanarudi baada ya wiki? Kidukari jike hahitaji dume. Anazaa watoto hai bila kutaga, na kwenye joto mtoto huyo naye anaanza kuzaa ndani ya siku saba hadi kumi. Ukibakiza watano, umebakiza ukoo mzima. Halafu dawa yako imeua pia waliokuwa wakikusaidia. Mdudu kibibi, yule mwekundu mwenye madoa meusi mgongoni, watu wanamjua na wanamwachia. Mtoto wake ndiye anayepondwa bila hatia, maana hafanani na mama yake hata kidogo: mweusi, mrefu, ana madoa ya rangi ya chungwa, kama mamba wa milimita chache. Huyo anakula vidukari kutwa. Ukimwona, funga chupa yako ya dawa urudi ndani.

Fanya hivi. Zungushia shina kitambaa au utepe mpana, juu yake upake grisi, sisimizi wasipite. Usipake grisi kwenye gamba lenyewe, utaliunguza. Hakikisha pia hakuna tawi linalogusa ukuta au ua la jirani, kwa sababu hilo ni daraja. Kisha wapige vidukari kwa maji ya mpira asubuhi, siku tatu mfululizo. Wengi wakianguka hawawezi kupanda tena. Waliobaki wapulizie maji ya sabuni jioni: vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye beseni, inaunguza majani. Jaribu tawi moja kwanza, subiri hadi kesho yake. Sabuni inaua mdudu aliyelowa tu, ikikauka kazi imekwisha, kwa hiyo elekeza bomba chini ya majani na katikati ya vikonyo.

Majani ya waridi langu yamekatwa miduara safi pembeni, kama mtu aliyetumia mkasi. Simwoni mdudu yeyote. Nipulize nini? (Soweto, Moshi)

Usipulize chochote. Huyo ni nyuki mkata majani. Anakata kipande, anakibeba akiruka, anakwenda kukitandika ndani ya tundu la ukuta au la mti anakotaga mayai. Hakikati ili ale. Mwaridi wenye afya hausikii hata maumivu, na nyuki huyo anachavusha maua yako na ya jirani zako. Kama kingo za jani zimechanika ovyo na chini kuna vinyesi vyeusi vidogo, hilo ni jambo jingine: tafuta kiwavi, umtoe kwa mkono.

Nakaa kando ya barabara ya vumbi. Kila Januari na Februari majani ya mawaridi yanapauka, yanakuwa na vidoadoa, kisha rangi ya shaba, na kuna utando kama wa buibui mdogo sana. Dawa ya wadudu ndiyo kama inawaongeza. (Kwa Mrombo, Arusha)

Umeona vizuri, inawaongeza kweli. Huo ni utitiri. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge kwa kidole mara mbili, uangalie punje zilizoanguka. Zikianza kutembea, umewapata. Pitisha kidole juu yake, utaona mstari mwekundu au wa kahawia.

Utitiri si mdudu, una miguu minane, ni ndugu wa kupe na buibui. Dawa nyingi za wadudu haziugusi, ila zinawaua maadui zake, wakiwemo utitiri wengine wanaoula. Ndiyo maana kila ukipuliza unaona umewafungulia mlango. Mashamba makubwa ya mawaridi Afrika Mashariki siku hizi yananunua hao utitiri walaji na kuwamwaga ndani ya vitalu, kwa sababu walishachoka kushindana na dawa.

Wewe wa nyumbani una maji. Utitiri unapenda joto, ukavu na vumbi, na barabara yako inakupa vyote vitatu. Osha majani kwa chini, kila baada ya siku mbili au tatu, asubuhi mapema ili yakauke mchana. Kata matawi yaliyofunikwa na utando, uyachome. Usiyatupe kwenye shimo la mboji. Mwagilia shina la kutosha, maana mwaridi wenye kiu ndio unaoumwa zaidi. Ukitaka kuongeza kitu, salfa ya kupuliza inafanya kazi, lakini kamwe usiitumie jua likiwaka. Ukipata nafasi, panda ua wa michongoma au hata masale mbele, vumbi liishie huko.

Mama, huku kwetu mvua hazikauki. Kila nikipanda miche ya dalia, asubuhi nakuta majani yameliwa na kuna michirizi ya ute unaong'aa. Nimemwaga chumvi, sioni nafuu. (Machame)

Chumvi acha, unaharibu udongo wa mwaka kesho. Hao ni koa, ndugu wa konokono wasio na nyumba, na wanakula usiku. Toka saa tatu na tochi na kopo, uwaokote. Ni kazi chafu lakini usiku mmoja unamaliza wengi kuliko wiki ya kumwaga majivu, ambayo mvua ikinyesha inayafanya uji. Mchana laza ubao au gome la mgomba karibu na miche. Asubuhi ligeuze, utawakuta wamelala chini yake.

Mtego wa kunywesha nao unafanya kazi. Fukia kopo hadi mdomo ubaki juu kidogo ya udongo, utie bia iliyobaki. Harufu ya chachu ndiyo inayowavuta, wanazama humo. Machame hamkosi mbege iliyochacha, ingawa babu akikukuta unaimwaga bustanini mtaelewana wenyewe. Maganda ya mayai niliyajaribu msimu mzima, koa wangu waliyapanda kama ngazi.

Juni hadi Agosti majani ya mawaridi yanafunikwa na unga mweupe. Ni vidung'ata? (Sakina)

Hapana, ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaopenda hali yetu ya mawingu na usiku wa baridi. Vidung'ata wanajikusanya kama vipande vya pamba kwenye pembe za jani na shina, na ukimponda mmoja anaacha unyevu unaonata. Unga wa ubwiri umesambaa juu ya jani na unafutika kwa kidole. Punguza matawi ya katikati hewa ipite, na pulizia maziwa sehemu moja kwa maji sehemu tisa, jua likiwa limetoka. Vidung'ata unawafuta kwa pamba iliyolowekwa spiriti, mmoja mmoja.

Kijana wa duka alinipimia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaniambia vizibo viwili kwa ndoo. Ni sawa? (Pasua, Moshi)

Si sawa hata kidogo, na naomba leo uitoe chupa hiyo mahali mtoto anapofika. Dawa isiyo na lebo huwezi kujua ni ya nini wala imekwisha lini, na mtoto akinywa, daktari hana pa kuanzia. Nunua kopo lililofungwa, hata kama ni dogo. Sehemu ya chini ya lebo kuna mstari wa rangi: mwekundu ni sumu kali mno, kisha njano, bluu, na kijani ndio wenye hatari ndogo. Kwa maua ya nyumbani sioni sababu ya kugusa nyekundu. Ofisi za Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake yako hapo Arusha; dawa isiyosajiliwa nao haifai kuuzwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kupimiwa hivyo. Nikaongeza kizibo kimoja "ili ikolee", nikaunguza dalia za mama mkwe zote siku mbili kabla ya ubatizo. Vidukari walikuwa wazima.

Na tafadhali, bomba la dawa lisioshewe mferejini. Maji yale yanashuka kwa watu wengine, na ndiyo yanayonyweshwa ng'ombe. Hata utupa, ambao wazee walitumia kulevya samaki, ni mti wa asili lakini ukiingia mtoni unaua. Ukitaka cha nyumbani, Moshi mjini miarobaini imejaa: twanga kokwa za mbegu gramu 50, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo, pulizia jioni. Haiui papo hapo. Inamharibia mdudu hamu ya kula na inamzuia kukua, kwa hiyo usiogope ukiwaona wazima kesho yake.

Kuna kinyonga amehamia kwenye ua langu. Jirani anasema ni mkosi, nimwue. (Rau)

Huyo ndiye mfanyakazi pekee asiyekudai mshahara. Anakula nzi, panzi na viwavi. Hana sumu na hang'ati bila kushikwa. Ukimwogopa, mwagilia kwa upande wa pili.