Bangi kabla ya mbio: usijidanganye na ile raha

Mdogo wangu, unasema ukivuta bangi kabla ya jogingi ya Coco Beach unaona kama una pumzi zaidi. Raha hiyo siikatai. Utafiti wa 2023 kule Boulder, Marekani, uliwapima wakimbiaji 42: wakishatumia bangi walifurahia mbio zaidi, lakini waliotumia yenye THC nyingi (kemikali ya bangi inayolevya) waliona mbio nzito kuliko kawaida.

Kinachonitisha ni moyo. Bangi huupandisha mapigo hata ukiwa umekaa, na moshi wake una kaboni monoksaidi inayopunguza oksijeni kwenye damu. Ongeza joto letu la Dar! Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama, nenda hospitali, na mweleze daktari ulichovuta. Tena sheria yetu inaikataza. Jaribu wiki mbili bila bangi, alfajiri, ukikimbia na wenzako.