Uliza Ujibiwe: Nyimbo za Wanyonge Jukwaani

SWALI: Asalaam aleikum, ndugu wahariri. Kikundi chetu cha Langoni, Lamu, kina waimbaji sita, udi, ngoma mbili na tari. Tulitayarisha onyesho la saa moja kuhusu wanyonge wa Wales walivyopigania haki zao. Msimulizi husema dakika sita hivi, kisha waimbaji hupokea. Kabla hatujafika nusu watu wakaanza kupiga soga. Kasoro iko wapi? – Msomaji, Langoni

JIBU: Waalaikum salaam. Kasoro ni hizo dakika sita. Msimulizi akishaeleza yote, wimbo hubaki pambo tu. Asizidi dakika moja na nusu, maneno 150 hivi, na anyamaze pale ambapo wimbo utapokea kisa. Nyimbo tisa za dakika nne nne pamoja na masimulizi hayo hula kama dakika 50. Zilizobaki wafundisheni wasikilizaji vibwagizo.

Matukio matatu yatosha. Lililo tajiri kuliko yote ni la Rebeka. Wakulima wa kusini-magharibi ya Wales walitozwa ushuru kwenye malango ya barabarani, hata kwa mkokoteni wa chokaa ya shambani. Usiku wa 13 Mei 1839 wakavunja lango la Efailwen. Wanaume walivaa nguo za kike, wakajipaka masizi, na kiongozi wao akaitwa Rebeka, kwa kuwa katika kitabu cha Mwanzo uzao wa Rebeka unaombewa umiliki malango ya adui zao. Kabla ya kuvunja lango, mara nyingi walilichezea mchezo: Rebeka bibi kizee haoni vizuri, fimbo yake inagonga kitu, anawaambia wanawe kuna kinachomzuia njia. Wanajibu watakiondoa. Anasita, labda litafunguka, anajaribu, limefungwa. Hapo ndipo mashoka huanza. Hayo ni majibizano ya manju na waitikiaji tayari, msimulizi hana kazi! Wekeni ngoma kwenye kila jibu la wana, na udi unyamaze. Vurugu ziliendelea hadi 1843, na sheria ya 1844 ikapunguza ushuru wa chokaa kwa nusu. Hayo semeni kwa sentensi moja.

Mji wa Merthyr, 1831, ni kinyume chake. Wafanyakazi waliinuka mwezi Juni, na Richard Lewis, maarufu Dic Penderyn, akanyongwa Cardiff tarehe 13 Agosti kwa kosa la kumjeruhi askari Donald Black, ambaye mwenyewe hakuweza kumtambua. Sauti moja, bila ala.

La tatu ni mgomo wa machimbo ya mawe ya kuezekea ya Penrhyn, 1900 hadi 1903. Kwaya za huko zilizunguka miji zikiimba ili kuwachangia waliogoma. Nanyi pitisheni bakuli wimbo ukiendelea. Hakuna maelezo yatakayoshinda hilo.

Kuhusu mahadhi: karatasi za nyimbo zilizouzwa kwenye magulio ya Wales mara nyingi zilitaja juu kabisa mahadhi yanayojulikana ya kuimbia. Fanyeni vivyo hivyo kwa mahadhi ya kwenu. Mkishika mahadhi ya Wales, jihadharini na noti ndefu inayoangukia silabi ya mwisho: “lango” litasikika “langó”. Rudisheni urefu kwenye silabi ya kabla ya mwisho, ya mwisho iwe fupi. Hesabuni mizani kabla ya kupanga vina.

SWALI: Sisi tuko Malindi. Tunataka kumsimulia Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, kwa namna hiyo hiyo, na ngoma ya kifudu iwemo. Inafaa? – Vijana wa Malindi

JIBU: Kisa chake hakisimuliki bila kifudu, maana mwaka 1913 alikusanya Wagiriama kwa ngoma hiyo, kijiji hadi kijiji, kabla ya yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola kukamatwa na kupelekwa Kisii. Lakini kifudu ni ngoma ya msiba, na ina miiko yake. Nendeni kwa wazee wa kaya, yaani walinzi wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda, kabla ya mazoezi ya kwanza, si wiki ya onyesho. Waulizeni ngoma zipi ziguswe, nani azipige, na ubeti upi usitoke nje ya matanga. Wakikataa, tumieni ngoma watakayoitaja wao, na msimulizi aseme wazi kwamba kifudu hakikupigwa hapa.

Onyesho likiwa ufukweni, liwe baada ya Isha. Unyevu wa bahari hulegeza ngozi za ngoma, kwa hiyo zioteshеni moto kabla ya kuanza, na tena katikati. Maikrofoni zivisheni sponji, la sivyo upepo wa kusi utalia kuliko manju.